Uzoefu wangu: kofia za meno ya mbele zilizokaguliwa nikiwa nimeketi wima

Kliniki iliyonitengenezea kofia mbili za kauri (vifuniko vinavyovishwa juu ya jino) za meno ya mbele ya juu ilipatia rangi na umbo, lakini huduma ninayoisifu hapa ni ya daktari mwingine wa meno, aliyerekebisha jinsi kofia hizo zinavyokutana na meno ya chini. Kule kwanza kila kitu kilipimwa nikiwa nimelala chali, kidevu kikielekea juu, na katika mkao huo sikuhisi kasoro yoyote. Ila kila nilipoinama kula, meno ya chini yaligonga nyuma ya kofia kabla magego hayajakutana.

Daktari huyu alinilaza kwanza, akanigongesha meno juu ya karatasi ya rangi ya bluu. Kisha aliinua kiti, akaniketisha wima, nyayo zikikanyaga sakafu, kichwa kisiegemee popote na macho yakitazama mbele, akarudia kwa karatasi nyekundu. Mwisho akanitaka niinamishe kichwa kidogo, kama mtu aliye mbele ya sahani, nigonge tena polepole. Kwenye kioo niliona alama za bluu zikiwa kwenye magego tu, ilhali nyekundu zilikuwa zimejichora nyuma ya kofia zote mbili, na mojawapo ilikuwa duara lenye kitovu cheupe, dalili ya mahali panapobanwa zaidi.

Maelezo yake yalinitosheleza. Taya la chini linaning'inia kwa misuli na kano, na baadhi ya misuli hiyo hushuka hadi kwenye kifupa kilicho juu ya koo, ambacho nacho kimefungwa kwa misuli mingine hadi kifuani. Kwa hiyo kichwa kikirudishwa nyuma, taya huvutwa nyuma, na kikiinama, taya husogea mbele. Tofauti ni ndogo sana, lakini meno huhisi hata kitu chembamba kuliko unywele. Yeyote anaweza kujaribu: inua kidevu ugonge meno taratibu, kisha kiinamishe ugonge tena, uone yanayotangulia kugusana.

Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba silikoni, ile laini tunayoing'ata ili igande na alama za meno kisha ipelekwe maabara, hubeba mkao wa kichwa tuliokuwa nao tukiing'ata, na fundi anayechonga meno hana njia ya kujua kama mgonjwa alikuwa ameangalia dari. Naona ni haki ya mgonjwa kuuliza, kabla kofia hazijagandishwa, kama atakaguliwa akiwa ameketi.

Baada ya kusagwa kidogo na kung'arishwa, kofia hazigongwi tena ninapokula. Nimepunguza nyota moja kwa sababu swali la maumivu ya shingo, ambayo hubadilisha mkao wa kichwa, liliulizwa mwishoni kabisa, wakati lilistahili kuulizwa kabla ya karatasi ya kwanza.