Gari linakata nguvu mara moja moja: ununue mita, skana au sensa mpya ya throto?

Gari linakata nguvu njiani kwenda Urambo au Sikonge, likirudi kwa fundi Tabora mjini limetulia kabisa. Wengi hapo huagiza sensa ya throto (TPS), inayoieleza kompyuta ya injini throto imefunguka kiasi gani, Kariakoo. Subiri kwanza. Waya uliokatikia ndani ya gamba lake au plagi ya sensa iliyolegea huleta dalili zilezile. Kwa mpangilio wetu, sensa ndiyo ya mwisho kununuliwa.

Ya kwanza ni mita ya mshale, hata ya bei ndogo. Sensa nyingi za throto ya kebo zina njia ya kaboni, na hulika pale pedali inaposhinda: mwanzo wa kukanyaga hadi mwendo wa kawaida. Washa swichi bila kupiga stata. Plagi isichomolewe, ingiza pini nyembamba kwa nyuma, mita kwenye waya wa ishara na ethi (waya wa hasi) ya sensa, skeli ya volti 10. Kanyaga pedali taratibu mno. Mshale uanze kati ya volti 0.5 na 0.9, upande bila kusita hadi 4 na kitu. Ukidondoka na kurudi, kaboni imeisha. Ukidondoka unapotikisa waya huku pedali haijaguswa, usinunue sensa, fuata waya. Kwa namba kamili mshale usiuamini sana, maana mita hizi huivuta ishara chini kidogo.

Ya pili ni mita ya dijitali yenye kitufe cha MIN/MAX, kinachoshika namba ya chini na ya juu kabisa. Isiyo nacho hubadilisha namba polepole, mdondoko wa nusu sekunde unaipita. Ila mita ya dijitali ndiyo ya kupimia volti 5 zinazoingia kwenye sensa, na ethi: kutoka waya wa ethi hadi hasi ya betri, injini ikiunguruma, isizidi volti 0.1.

Skana ya ELM327, inayosoma kodi za hitilafu za gari kupitia simu, tunaiweka ya tatu. Kodi P0122 ni ishara ya throto ya chini, P0123 ya juu, P0124 ya kukatikakatika. Kwenye grafu chagua throto peke yake. Ukiongeza vitu vingine inachelewa. Magari ya zamani yaliyotoka Japani moja kwa moja mengine hayasomeki nayo, kwa hiyo ijaribu kwenye gari lako kabla hujalipa.

Sensa ikithibitika mbovu, nunua jenyuini. Ukikosa, ya mtumba iliyopimwa omu (ukinzani) dukani, mshale ukipanda bila kuruka, ni bora kuliko kopi mpya isiyo na jina. Matundu ya skrubu yakiwa marefu, izungushe mpaka upate volti za throto iliyofungwa zilizoandikwa kwenye manyuo ya gari lako, ndipo ukaze. Throto isiyo na kebo, yenye kodi P2135 (ishara zake mbili hazilingani), kwa kawaida sensa yake haiuzwi peke yake: utanunua throto nzima, tena baada ya kukagua plagi yake.