Mashine ya Kusagia Nafaka Nyumbani: Ipi Kwanza, Ipi Mwisho

Kabla ya kutoa pesa, jiulize utasaga nini. Ngano ya mkate ni kavu na haina shida, mahindi ni magumu na punje zake ni kubwa, ufuta na karanga vimejaa mafuta. Mashine moja ya nyumbani inayovimudu vyote hivyo sijaiona, na muuzaji akikuapia kwamba anayo, muage kwa heshima.

1. Ya mawe, yenye mota. Hii naiweka juu kwa yeyote anayeoka mara kwa mara. Ndani kuna mawe mawili ya duara, moja limetulia na jingine linazunguka. Ukiyakaribisha unapata unga laini, ukiyaachanisha, chenga. Adui zake ni mafuta na unyevu: saga ufuta humo na uso wa mawe utazibwa na utando unaong'aa, yabaki kuteleza tu. Ikitokea, weka kipimo cha chenga kisha pitisha mchele mkavu, utaukwangua utando huo. Washa mota kwanza ndipo umimine nafaka. Dukani, omba waisage ngano mbele yako, uusugue unga kati ya vidole. Uliza pia kama mawe yanafunguka bila kumwita fundi.

2. Ya mkono, yenye sahani za chuma. Haitaki umeme, na sahani za chuma haziogopi mbegu zenye mafuta. Lakini unga wa mkate utaupitisha mara mbili, na jasho litakutoka. Chagua yenye gurudumu zito na inayofungwa mezani kwa bolti. Ile ya kubana kwa skrubu moja hucheza kila ukizungusha mpini.

3. Ya mapigo. Vyuma vinazunguka kwa kasi kubwa na kuipasua nafaka. Unga wake ni laini mno na unatoka haraka, ila kelele zake zitawaamsha hata majirani, na chenga haitoi. Anayeoka keki tu anaweza kuipandisha hadi namba moja, sitabishana naye.

4. Kifaa cha kuchomeka kwenye mikisa, ile mashine ya kukandia unga. Kinafaa kama mikisa unayo tayari. Ipumzishe, maana mota hupata moto.

5. Blenda. Kwa konzi moja ya nafaka, basi.

Sasa chombo cha kuhifadhia, ambacho wengi hukikumbuka fukusi wakishaingia. Unga usiokobolewa huanza kuharibika mapema, kwa sababu mafuta ya kiini yameshakutana na hewa; nafaka nzima iliyokauka hukaa miaka. Kwa hiyo saga ya wiki moja, nyingine iache ilivyo.

Kwa akiba kubwa nachagua mifuko isiyopitisha hewa: miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, ikivalishwa mfuko wa nje wa kufumwa. Mtindo huu ulibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Kamerun mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa ajili ya kunde. Wadudu waliomo humaliza oksijeni na kufa bila dawa yoyote. Tundu dogo tu linaharibu kazi yote, kwa hiyo penye panya wengi chukua pipa la chuma lenye mfuniko wa kubana. Ndoo ya plastiki yenye mpira kwenye mfuniko inatosha kwa matumizi ya jikoni. Gunia peke yake, lisilo na mifuko hiyo ndani, ni la kusafirishia.

Hakuna chombo kitakachoiokoa nafaka mbichi. Ukungu ukiota unaweza kuleta sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kusaga wala kuoka. Kujua kama mahindi yamekauka, tia chumvi kavu kwenye chupa ya kioo iliyokauka, ongeza punje za mahindi, tikisa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15, rudisha juani. Isipoganda bado huna uhakika, kwani akiba ya muda mrefu inataka asilimia 13 au chini yake. Hapo kipima unyevu ndicho cha kununua, hata kama ni kwa kuchangiana na majirani.