Vitz, Fit, Raum, Sienta au Noah: pima siti kabla ya kuangalia injini

Vitz ya mwaka 2005 ina upana wa milimita 1,695. Noah ya 2001 hadi 2007 nayo ni 1,695. Si bahati. Japani, gari likizidi milimita 1,700 kwa upana linahamia daraja la juu, kwa hiyo watengenezaji husimama pale pale ukingoni. Kuta za Noah zimesimama wima zaidi, basi bega linapata ahueni kidogo, lakini watu wazima watatu wakipangwa siti moja watabanana kote kuwili. Kinachotofautisha gari hizi ni goti, sakafu na urefu wa siti kutoka chini, na hayo muuzaji hayataji.

Nenda yadi na futi ya fundi. Weka siti ya dereva pale unapoendeshea wewe, kisha hamia nyuma yake. Kati ya goti na mgongo wa siti ya mbele vidole vinne vilale. Visipolala, ukitoka Arusha kwenda Moshi, ukifika Boma Ng'ombe goti limeshaanza kuuma. Pima pia kutoka sakafuni hadi ukingo wa mbele wa siti: sentimita 35 ni vizuri. Chini ya 30 magoti yanapanda juu, paja linaning'inia, uzito wote unaangukia mfupa wa makalio. Halafu kandamiza sponji kwa ngumi. Ukigusa waya au bati, hilo limekufa. Siti ya dereva ianzie ukingo wa kulia, upande wa mlango, kwa sababu ndio unaosuguliwa kila anapopanda na kushuka. Vua kava kabisa; kava mpya kwenye gari ya namba C (herufi za namba yake zinaanza na C, yaani imeshatumika miaka mingi) mara nyingi inaficha kitu.

Kwa nafasi na starehe tu, mafuta na spea tukiziweka pembeni, ya kwanza ni Noah ya 2001 kuendelea. Sakafu yake ni tambarare, siti ya kati imenyanyuka, mtu anakaa kama yuko kwenye kiti cha mezani. Siti za nyuma kabisa zinakunjwa na kuning'inizwa pembeni, na hapo mikungu ya ndizi kutoka Marangu inalala bila kugusa abiria. Wasichoambiwa wanunuzi ni kwamba safu hiyo ya tatu iko karibu na ekseli, na kila tuta linarusha waliokaa pale zaidi ya wenzao wa kati. Mzee mwenye mgongo usimpeleke huko.

Noah ya zamani, ya 1996 hadi 2001, ni gari nyingine kabisa. Injini iko chini ya siti za mbele. Fundi akitaka kuifikia lazima anyanyue siti, na baada ya miaka ya kunyanyua, raba na zulia la kuzuia joto vinachanika au vinabaki gereji. Ukiendesha nusu saa na makalio yakawa ya moto, shida ndiyo hiyo.

Sienta ya toleo la kwanza inashika nafasi ya pili, na kwa familia ya watu watano wanaokaa mjini ningeiweka juu ya Noah. Urefu wake ni milimita 4,100 tu, lakini kutoka tairi la mbele hadi la nyuma ni 2,700, wakati Vitz hiyo ya 2005 ina 2,460. Tofauti hiyo inasaidia miguu ya abiria. Siti mbili za mwisho zinajikunja na kuingia chini ya siti ya kati, ndiyo maana sponji lake ni jembamba. Watoto kutoka Tengeru hadi Arusha mjini, sawa. Watu wazima saba hadi Moshi, kilomita 80, hapana.

Ya tatu ni Raum ya toleo la pili, iliyoanza 2003, hasa kwa anayebeba bibi au mgonjwa. Upande wa kushoto hauna nguzo katikati. Fungua milango yote miwili na mtu anaingia bila kujipinda. Nguzo imefichwa ndani ya milango yenyewe, kwa hiyo mlango uliogongwa na kunyooshwa vibaya unaacha upenyo, na vumbi linaingia. Pitisha kidole kwenye raba zote. Mlango wa buti unafunguka kwa pembeni, usipaki kwa kubana ukuta.

Honda Fit ya toleo la kwanza ni ya nne. Tangi la mafuta liko chini ya siti za mbele, basi nyuma sakafu imeshuka, na kalio la siti ya nyuma linanyanyuliwa wima: ndoo za lita 20 zinasimama pale bila kumwagika. Siti zenyewe ni ngumu, na ukipakia wanne chini inakwangua matuta.

IST ya toleo la kwanza inakuuliza uchague. Siti ya nyuma inasogea na kulala, lakini imejengwa juu ya msingi wa Vitz ya kwanza, milimita 2,370. Ukiisogeza nyuma magoti yanapona, buti linakwisha. Passo ni ya mwisho: kalio la siti ni fupi, paja halina pa kuegemea. Gari ya mtu mmoja na mfuko wa soko.

Sponji likiwa limekufa na gari umeipenda, mwambie fundi wa siti aweke sponji gumu lililoshindiliwa. Vipande vya godoro laini vitakaa vizuri wiki chache, kisha vitazama.

Na milango ya kuburuza ya Noah, Sienta na Raum ijaribu kwenye mteremko, pua ya gari ikitazama chini, kama barabara za Kibosho. Fungua hadi mwisho, achia. Kishikizo kikiwa kimelika, mlango utarudi wenyewe kwa kishindo, na kilichoko njiani ni vidole vya mtoto.