Filamu za Pete Postlethwaite: ipi ununue kwanza, ipi isubiri

Watu wengi wanaijua sura ya mwigizaji huyu Mwingereza bila kulijua jina: mashavu yaliyobonyea, mifupa ya uso iliyotokeza, macho yasiyokwepa. Wamemwona akiwa Kobayashi, yule wakili wa The Usual Suspects (1995), au mwindaji Roland Tembo wa The Lost World: Jurassic Park (1997). Zote mbili ni kazi safi, ila ni vionjo. Mwenye pesa ya diski moja tu asianzie hapo, achukue In the Name of the Father.

Filamu hiyo ya 1993, iliyoongozwa na Jim Sheridan, ina dakika 133. Postlethwaite ni Giuseppe Conlon, mgonjwa wa mapafu kutoka Belfast, aliyekwenda London kumtafutia wakili mwanawe aliyekamatwa kwa mabomu yaliyolipuka mji wa Guildford, Uingereza, mwaka 1974, naye akatiwa ndani na kufia kifungoni mwaka 1980. Daniel Day-Lewis, anayeigiza mwana huyo, Gerry, alikuwa mdogo kwa Postlethwaite kwa miaka 11 tu, lakini hutashuku hata mara moja kwamba hawa si baba na mwana. Uzee haukutokana na mvi. Sikiliza pumzi: anaigawa sentensi vipande vipande, kila neno analipima kabla halijatoka. Gerry anapomwaga hasira za tangu utotoni, hadi suala la medali ya mpira, baba hashindani naye kwa sauti. Anapokea tu, na makelele yote ya Day-Lewis yanapata ukuta wa kugonga. Ndiyo kazi iliyomfikisha kwenye uteuzi wa Oscar ya mwigizaji msaidizi. Kasoro moja ijulikane: filamu inawaweka selo moja miaka yote, jambo ambalo halikuwa hivyo.

Hapa niseme wazi: usinunue wala kupakua toleo lililotafsiriwa na dijei. Kwenye muvi za ngumi na risasi madijei wetu huongeza raha, lakini hapa sauti ya dijei inafunika kile hasa unacholipia, yaani pumzi na ukimya.

Ya pili iwe Distant Voices, Still Lives ya Terence Davies (1988). Ni fupi, dakika 85 hivi, na haina kisa kinachokwenda moja kwa moja. Inaruka kwa kumbukumbu na nyimbo za familia ya Liverpool, kwa hiyo usiitazame huku unachezea simu. Postlethwaite ni baba mpigaji. Kuna usiku wa Krismasi anapowaangalia watoto wake waliolala, uso umelainika kabisa. Kisha mezani, bila onyo, anavuta kitambaa na chakula chote kinamwagika chini, halafu anamwamuru mke asafishe. Haongezi ishara yoyote ya kutuandaa. Mwigizaji mwingine angekunja uso kwanza, nasi tungepata nafasi ya kujikinga. Ni filamu nzito, isiwe ya kutazama na watoto.

Brassed Off (1996) ndiyo rahisi kupendwa. Postlethwaite ni Danny, kiongozi wa bendi ya matarumbeta ya wachimba makaa ya mawe wa Yorkshire, mgodi unafungwa, na mapafu yake yamejaa vumbi. Muziki umepigwa na Grimethorpe Colliery Band yenyewe, bendi ya wachimbaji halisi, kwa hiyo unganisha spika za nje: spika ndogo za televisheni zinameza sauti za chini za tuba, na bendi nzima inabaki kama filimbi. Washa pia maandishi ya chini ya Kiingereza, maana lafudhi ya Yorkshire huwashinda hata wanaojua Kiingereza vizuri. Hotuba yake ya mwisho pale ukumbi wa Royal Albert Hall, London, ilipendwa kiasi kwamba bendi ya Chumbawamba iliichukua sehemu yake kufungulia wimbo wao Tubthumping.

Kuhusu kununua: DVD hugawiwa kwa kanda, yaani maeneo ya dunia zinakokusudiwa kuchezwa. Za Uingereza ni kanda ya 2, sisi Afrika Mashariki ni kanda ya 5, na deki iliyofungiwa kanda yetu itazikataa. Blu-ray hazina shida hiyo, kwa sababu Ulaya na Afrika zote ni kanda B. Ila za Marekani ni kanda A, kwa hiyo soma nyuma ya kasha kabla ya kulipa.

Kazi ya jukwaani ndiyo iliyomjenga, tangu ukumbi wa maigizo wa Everyman wa Liverpool alikokuwa na akina Julie Walters na Bill Nighy, mpaka Royal Shakespeare Company. Mwaka 2008 alirudi Everyman kuigiza King Lear. Pumzi ile ya Giuseppe ni ya mtu aliyezoea kusikika hadi kiti cha nyuma kabisa bila kupaza sauti.

The Constant Gardener (2005) inatuhusu zaidi, kwani sehemu kubwa ilipigwa Kenya, na kambi ya Sudan anakoonekana ilitengenezwa Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana. Lakini Dakta Lorbeer, anayeigizwa na Postlethwaite, anaingia karibu na mwisho, kwa hiyo usiinunue kwa ajili yake peke yake. Ukishaziona zile tatu, ndipo umrudie Roland Tembo, na utafute diski yenye vipande vilivyokatwa: kimojawapo ni cha baa ya Mombasa, ndicho kinachomtambulisha mwindaji huyo, na bila hicho anaingia kwenye filamu kama mtu asiye na kwao.