Google Scholar kwa kumchunguza mtafiti wa ubongo: nzuri ila usiiamini kichwakichwa

Kama unatafuta supavaiza wa mambo ya ubongo au unataka tu kujua huyu profesa anayesifiwa kaandika nini, Google Scholar, ile huduma ya Google ya kutafutia makala za kitaaluma, ndo pa kuanzia, bure kabisa na wala huhitaji akaunti. Mi ninachokipenda zaidi ni ile namba chini ya kila makala inayoonyesha imenukuliwa mara ngapi, ukiibonyeza inakuletea walioinukuu, hapo ndo unaanza kuona nani kamfuata na nani anampinga.

Shida iko kwenye h-indeksi, ile namba moja ya kupimia mtafiti kwa makala zake na zinavyonukuliwa. Aliipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, ukiwa na 20 maana yake una makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Sasa mchukue John O'Keefe wa London, ile ripoti yake fupi ya 1971 na Jonathan Dostrovsky kuhusu seli za hipokampasi (sehemu ya ubongo) ya panya zinazowaka, yaani zinazotuma ishara za umeme, mnyama akifika sehemu fulani tu, imezaa fani nzima na ikamfikisha kwenye Nobel ya 2014, lakini kwenye h-indeksi inahesabika moja, sawa na makala yoyote ya kawaida iliyovuka mstari. Si uonevu huo?

Halafu majina. Mwenye jina la kawaida anaweza kubebeshwa kazi za wenzake, so linganisha na ORCID, ile namba ya utambulisho ya kila mtafiti, na kama makala ni za tiba pitia na PubMed, hifadhidata ya makala za tiba.

Nyota nne kati ya tano, moja nimeikata kwa ajili ya hayo majina.