Vampaya, Uchawi na Dola Katili: Riwaya Zipi Zinastahili Pesa Yako?

Mbukwenyi, watazamaji wangu! Karibuni tena, hapa ni Dodoma, na leo mezani nina vitabu ambavyo mmeniomba nivichambue kwa muda mrefu. Mapenzi ya binadamu na viumbe wa ajabu, hadithi za uchawi, na zile za serikali katili za kubuni. Najua wengi mnazisoma kwenye simu, na wengine mmekutana nazo kwenye vibanda umiza, filamu zikiwa zimetafsiriwa. Leo tunazungumzia maandishi yenyewe.

Kwanza mjue ninavyopima. Kitabu cha aina hii nakiuliza swali moja: maajabu yako yana gharama gani, na nani anailipa? Ukinipa mtu asiyekufa, au mtoto anayeweza kupotea machoni pa watu, au nchi inayoendeshwa kwa hofu, nataka nione bei yake kwenye miili ya watu, kwenye sahani zao, kwenye usingizi wao. Bei isipoonekana, nimeuziwa pambo.

Haya, hiki cheusi chenye mikono iliyoshika tufaha jekundu mnakijua. Twilight, ya Stephenie Meyer wa Marekani, ilitoka 2005. Msichana wa miaka 17, Bella, anahamia Forks, mji mdogo wa mvua na mawingu katika jimbo la Washington, na huko anampenda Edward, ambaye ni vampaya, yaani kiumbe asiyekufa anayeishi kwa kunywa damu. Edward alizaliwa 1901, akageuzwa 1918 alipokuwa anakufa kwa ile homa kuu ya mafua, na tangu hapo sura yake imebaki ya kijana wa miaka 17.

Nikisifu kwanza, maana watu wanakibeza sana kitabu hiki na wengine hata hawajakifungua. Meyer anaijua hamu. Kuna pale darasani, somo la baiolojia, Bella anapoketi karibu na Edward kwa mara ya kwanza. Kijana amejisogeza mpaka ukingoni mwa kiti, ngumi imekazwa mpaka mishipa imetokeza, na Bella anadhani ananuka vibaya. Kumbe mwenzake anapigana na kiu ya damu yake. Hapo gharama ipo, unaiona kwenye mkono wa mtu. Kurasa zile ni nzuri, na dada zangu mnaozipenda msikubali mtu awaambie kwamba hamjui kusoma.

Ninapoachana nacho ni pale Edward anapokuwa anaingia chumbani kwa Bella usiku na kumwangalia akiwa amelala, bila yeye kujua, na kitabu kinataka nione ni mapenzi. Hapana. Huku kwetu, binti akisema kuna kiumbe kinamjia usiku, nyumba nzima haitalala. Mama atatafuta mchungaji, au shehe, au mzee mwenye dawa zake. Habari za jini mahaba tumezisikia tangu utotoni, na kila anayezisimulia anakuambia binti alipoteza nini: uchumba ulivunjika, alidhoofika, alikosa raha ya kukaa na watu. Wasimulizi wetu waliweka bei mezani tangu mwanzo. Ndiyo maana mwisho wa mfululizo huu unanipwaya. Kufikia kitabu cha nne, cha 2008, Bella anakaribia kufa akijifungua, sikatai, lakini baada ya hapo anapata mume, mtoto, uhai usiokwisha, na baba yake mzazi bado anamtembelea. Nani amelipa? Ukipenda mahaba, azima kwa rafiki, soma cha kwanza, pumzika hapo.

Sasa niruhusuni nikae hapa kidogo, kwa sababu hiki ndicho kitabu ninachotaka kila mtu wa kanda ya kati akisome. The Hunger Games, ya Suzanne Collins, 2008. Nchi inaitwa Panem, ina mji mkuu tajiri na wilaya kumi na mbili zinazoulisha. Kila mwaka kila wilaya inatoa mvulana na msichana wa kati ya miaka 12 na 18 wakauane uwanjani mbele ya kamera. Hilo mnalijua. Filamu ilikazia mapanga na mishale. Nendeni kwenye nafaka, maana humo ndimo kitabu kilimo.

Iko hivi. Ukifika miaka 12 jina lako linaingia kwenye kura mara moja, na kila mwaka linaongezwa. Lakini kama kwenu kuna njaa, unaruhusiwa kuongeza jina lako mara nyingine ili upewe nafaka na mafuta ya kumtosha mtu mmoja mwaka mzima, tena kwa kubana. Unaweza kufanya hivyo kwa kila mtu wa nyumbani kwenu. Katniss, msichana anayetusimulia kisa, alianza akiwa na miaka 12: jina moja la lazima, moja kwa chakula chake, moja la mama, moja la mdogo wake. Akifika 16 jina lake limo mara 20. Rafiki yake Gale, mwenye familia kubwa zaidi, limo mara 42. Mtoto wa mwenye duka, ambaye kwao kuna mkate, limo mara chache tu. Halafu siku ya kura linatoka jina la yule mdogo, Prim, ambalo limo mara moja, na Katniss anajitolea kwenda badala yake.

Ndugu zangu, mtu anayesoma haya akiwa Bahi, Chamwino au Kongwa hahitaji kuelezwa. Sisi tunalima kwa msimu mmoja wa mvua. Ikikata Februari, kila mtu anajua mtama unasemaje na kihenge kitasemaje. Na wazee wa Ugogo wameturithisha jina la Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920. Ukame ulikuwepo, lakini haukuua peke yake. Ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua na vijana kwenda kubeba mizigo. Mikono ya kulima ikaondoka, akiba ikaondoka, ndipo mvua ikakosa. Mwenye nguvu aliamua nani ale, na mwenye njaa akalipa kwa mwili wa mtoto wake. Collins ameandika nchi ya kubuni, ya wakati ujao, na mimi nikiisoma naona kumbukumbu.

Kuna msichana mdogo humo, Rue, anatoka Wilaya ya 11, wilaya ya wakulima. Katniss anadhani wao lazima wanashiba, si ndio wanaolima? Rue anamwambia hawaruhusiwi kula mazao, ukikamatwa unachapwa viboko na kila mtu analazimishwa kutazama. Hii ni mistari michache tu, ukisoma haraka inakupita. Msiharakishe.

Kwa wadogo zangu wa sekondari, Kiingereza chake kinabebeka. Sentensi ni fupi na Katniss anasimulia mwenyewe kama mambo yanatokea sasa hivi. Wazazi, kuna damu na vifo vya watoto, kwa hiyo darasa la tano hapana. Yale mapenzi ya watu watatu yanayoendelea mpaka kitabu cha tatu, cha 2010, kwangu ndiyo sehemu dhaifu, ila katika kitabu cha kwanza hata mapenzi yana bei: Katniss na mvulana wa wilaya yake wanaigiza wanapendana ili watazamaji matajiri wawatumie chakula. Nunua. Nakala yangu ni ya mtumba, oneni hapa mgongoni, gundi imeachia na kurasa zinatoka, kwa hiyo ukinunua ya mtumba fungua katikati uvute kidogo kabla hujatoa hela.

Divergent ya Veronica Roth, 2011, nitaipitia haraka. Chicago ya baadaye, watu wamegawanywa makundi matano kwa tabia: ujasiri, ukweli, elimu, amani na kujinyima. Sheria inasema kundi kabla ya damu, na kijana akichagua kundi jingine anawaacha wazazi. Kasi ni nzuri. Lakini nilisubiri shangazi! Mji mzima, na hakuna ukoo uliojipanga kupenyeza chakula, salamu, au mtoto kurudi kwa bibi yake. Kwangu nchi hiyo haikusimama, kwa sababu mwandishi amefuta undugu kwa sheria moja na hakutuonyesha watu wakihangaika nao.

Na hapa nataka kubishana na wanaosema hadithi hizi ni za Wazungu, sisi tunaiga. Shaaban Robert alitoa Kusadikika 1951, miaka miwili tu baada ya George Orwell wa Uingereza kutoa riwaya yake ya dola katili iitwayo 1984. Nchi inayoelea angani, mtu anayeitwa Karama anashtakiwa kwa sababu anataka watu wafundishwe sheria, na anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa pande zote kuleta mema, wakarudi wakaishia kifungoni. Wengi mlikisoma shuleni mkitafuta maswali ya mtihani. Kisomeni tena bila mtihani.

Lakini nilichokileta leo ni Adili na Nduguze, 1952. Kina majini, kina mji ambao watu wake wamekuwa mawe, na asili ya kisa iko kwenye Alfu Lela Ulela. Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, waliomfanyia ubaya mkubwa, na jini Huria anawageuza manyani. Kisha anampa Adili amri ya kuwachapa kila usiku. Sasa angalieni Shaaban alivyoweka bei. Adhabu ni ya ndugu wabaya, ila mkono unaochapa ni wa Adili, naye analia. Uchawi umemtendea haki na bado unamuumiza kila siku jua likizama. Lugha yake ni ya zamani kidogo, nenda polepole, soma kwa sauti. Kitabu ni chembamba, ukikaa nacho jioni mbili umekimaliza.

Cha mwisho ni Akata Witch ya Nnedi Okorafor, 2011. Sunny, miaka 12, mwenye ualbino, anaishi Aba, Nigeria, anagundua kuwa ana uwezo wa ajabu, ukiwemo wa kutoonekana. Humo ukijifunza jambo la kweli, fedha za chuma zinadondoka kutoka hewani miguuni pako, na kadiri somo lilivyo gumu ndivyo zinavyodondoka nyingi. Nilikipenda hicho kwa moyo wote.

Ila msomaji wa Tanzania anakipokea kwa uzito mwingine. Nchi hii imeona watu wenye ualbino wakiuawa na kukatwa viungo kwa sababu ya imani za kishirikina, hasa kuanzia miaka ya 2000. Kwa hiyo kitabu kinachohusisha ualbino na nguvu za ajabu nilikifungua kwa wasiwasi. Okorafor ameniridhisha kwa jambo moja: nguvu ni ya Sunny mwenyewe, anaisomea, anaitumia kwa hiari yake, na anayeteka watoto kwa ajili ya uchawi ndiye adui wa kitabu kizima. Mwalimu ukikipeleka darasani, lizungumze hilo waziwazi na wanafunzi kabla ya ukurasa wa kwanza.

Nikiwa na pesa ya vitabu viwili tu ningechukua Hunger Games na Adili. Wanaoniuliza kuhusu Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, kile kinataka video yake peke yake, na ndicho tutakachokifungua tukikutana tena. Kama unacho, anza kusoma sasa ili tubishane vizuri.