De La Soul au Tribe? Maoni yangu baada ya kuzisikiliza sana zote mbili

Kwa anayeuliza aanze na ipi kati ya hizi albamu mbili za makundi ya hip hop ya Marekani, 3 Feet High and Rising ya De La Soul (1989) na The Low End Theory ya A Tribe Called Quest (1991), mi namwambia aanze na Tribe, akishanogewa ndo arudi kwa De La.

Vaa hedifoni nzuri uweke Excursions, ngoma ya kwanza kabisa ya hiyo albamu ya Tribe. Inaanza besi peke yake, sampo (kipande kilichokatwa kwenye rekodi ya zamani) ya Art Blakey, mpiga dramu wa jazz, halafu Q-Tip, rapa wa Tribe, anaingia juu yake taratibu anasimulia mshua wake alivyokuwa anaifananisha hip hop na bebop, ile jazz ya zamani, yani dramu zikija kudondoka mwili wote unasisimka. Albamu karibu nzima iko hivyo, besi, dramu na mistari basi, hawajajaza vitu. Na kwenye Verses from the Abstract besi kapiga Ron Carter mwenyewe, yule aliyepiga jazz na Miles Davis jamani! Halafu Phife, rapa mwenzake Q-Tip, albamu ya kwanza ya Tribe alisikika kwa nadra, hapa kwenye Buggin' Out anafungua yeye na anachana kwelikweli.

De La na prodyuza wao Prince Paul walifanya kinyume, walijaza kila kitu. Ngoma yao Eye Know ina sampo ya bendi ya Steely Dan, ina mluzi wa Otis Redding, mwimbaji wa soul, na vinakaa pamoja mpaka unashangaa wamewazaje. Zile skiti (vichekesho vifupi katikati ya nyimbo) za mchezo wa maswali kama wa kwenye TV marapa kibao waliiga baadaye, ila mi ukweli zinanichosha, naziruka.

Kinachoniuma ni zile sampo za De La. Wale The Turtles, bendi ya zamani, waliwashtaki kwa kutumia wimbo wao, na mikataba ya zamani ya sampo haikugusa mambo ya intaneti, kwahiyo albamu ikakosekana kwenye strimingi miaka yote hadi Machi 2023, na Trugoy, mmoja wa De La, alifariki Februari hiyohiyo 2023, wiki chache tu kabla, hakuiona siku hiyo. Vijana wengi wamekua wanaipata Tribe kirahisi kwenye simu huku De La ni ya kuwinda, sasa mtu akiniambia Tribe ndo wameacha alama kubwa zaidi namuuliza, hao wengine ulipewa nafasi ya kuwasikia? Maktaba ya Bunge la Marekani imezihifadhi zote mbili, na De La ndo walitangulia kuingizwa.

Ukifika kwa De La anza na The Magic Number na Eye Know, skiti ziache kwanza.